Historia ya Matroni Aliyetuandika Sote

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, wasichana wake wa bweni ambao leo nanyi mna mvi, na ninyi mliokuja kwa sababu ya vitabu tu, familia inawakaribisha na inawaomba mkae, waliokosa viti waegemee ukuta wa upande wa kivuli, kwani historia hii ni ndefu kidogo na marehemu mwenyewe hakupenda kufupishwa. Anayesoma ni mdogo wake wa kiume, yule mpishi wa melini, ambaye hakuchaguliwa kwa hekima, alichaguliwa kwa kuwa sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti na kwa kuwa wengine wote waliombwa wakakataa. Mtatusamehe pia msipotuona tukilia mahali mnapotarajia tulie, tumeganda, tunaulizwa jambo tunajibu, tunapewa chai tunakunywa, na baadaye tunauliza kama chai ilishapita.

Ni vizuri mjue jinsi historia hii ilivyoandikwa, maana katika nyumba ya marehemu andiko lolote lilikuwa na utaratibu wake. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna ukurasa uliotoka mlangoni kabla ya kusomwa kwa sauti kwenye meza ya chakula, Jumamosi baada ya kula, na yeyote aliyeketi hapo alikuwa na haki ya kugonga meza kwa kijiko, akigonga sentensi inakatwa, na haulizwi sababu. Historia hii nayo ilisomwa juzi kwenye meza ile ile, na binti wa marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua vitabuni kabla ya kumjua kwa sura, alisema atakaa na kusikiliza kwa sharti moja, kwamba leo halitasomwa mbele za watu jambo lake lolote asilolipitisha yeye mwenyewe. Aligonga mara tatu. Mapengo mtakayoyasikia ni yake, na familia inayaheshimu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi mwaka 1954, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mkuu wa stesheni na mkewe aliyekuwa akishona mapazia ya mabehewa, wa pili alitangulia zamani, na wa tatu ndiye huyu mnayemsikia. Inasemekana alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipoweza yote mawili akawa anapita kwenye jukwaa la abiria akitangaza treni kwa sauti ya baba, zilizokuwepo na zisizokuwepo, mpaka siku moja mzee mmoja akamwamini, akapanda na mizigo yake yote kwenye behewa la makaa, baba akalazimika kusimamisha injini, na tangu siku hiyo marehemu akapigwa marufuku kusema neno lolote ndani ya eneo la reli. Alihamia uani, akaendelea na mdogo wake, ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha shule ya wasichana ya bweni kuanzia 1968 hadi 1971, na mwaka 1972 akajiunga na chuo cha maarifa ya nyumbani, akamaliza Desemba 1973 akiwa na cheti kizuri cha upishi, ingawa tuliokula chakula chake tuliendelea kuwa na maswali kuhusu cheti hicho. Alikuwa akisimulia kwamba katika bweni alikolelewa, matroni wao kwa miaka minne alisema neno moja tu, "taa", na wasichana mia moja na ishirini wakazima taa wakalala na mambo yao rohoni, na hapo ndipo alipoamua kwamba akijaliwa atakuwa matroni, na atakuwa anaongea.

Aliajiriwa tarehe 7 Januari 1974, akiwa na miaka kumi na tisa, katika shule ya bweni ya wasichana yenye jengo la ghorofa mbili na bomba moja la maji uani, na hapo alikaa miaka arobaini, chini ya wakuu wa shule saba, mpaka alipostaafu Machi 2014. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kilinukia pasi na sabuni ya kufulia, kina pazia badala ya mlango, na msichana aliyekuwa na jambo alijua kwamba akiketi kwenye ngazi ya tatu kutoka chini atasikika ndani bila kulazimika kuingia. Wakuu wa shule walikuja wakaondoka, ngazi ile ikabaki imechakaa katikati.

Kilichomfanya aandike ni akina baba. Kila Jumapili ya kutembelea watoto aliwaona wamesimama uani na mfuko mkononi, wanaume wazima, wengine wana vyeo, wanamuuliza binti "umekula?", binti anasema ndiyo, wanamuuliza tena, binti anasema ndiyo, kisha baba anatazama saa. Marehemu aliomba stensili kwa mkuu wa shule, akachapa karatasi moja ya maswali mengine ambayo baba anaweza kumuuliza binti yake, akairudufu kwenye mashine ya shule, akawa anawagawia getini kama mtu anayegawa ratiba, na ndani ya mwaka mmoja akaanza kupokea wageni ambao hawakuwa na mtoto pale shuleni, wamekuja kuomba karatasi.

Kuhusu ndoa, mwaka 1978 alifika shuleni fundi kutoka idara ya vipimo, kukagua mizani ya jikoni, akaikuta inapunja. Marehemu aliitetea mizani ile kwa maneno mengi sana, alitetea jiko, akatetea wapishi, akaingia kwenye historia ya shule, na fundi yule muda wote hakujibu, alichukua jiwe lake la kilo akaliweka juu ya mizani, akaliondoa, akaliweka tena, akasubiri. Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, na wameishi pamoja miaka arobaini na mitatu, mmoja akisema na mwingine akipima. Shemeji yupo pale mbele, mwenye koti la kijivu, na leo hatasema kitu, msimsubiri.

Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Juni 1981 na hakufikisha miezi mitatu, na katika vitabu vyake vyote vitatu marehemu hakumwandika hata mara moja, familia inalitaja hilo kwa sababu baadaye ilionekana kwamba kunyamaza alikuwa anakujua. Wa pili, wa kike, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1984, akaongea mapema kama mama yake, akawa anaongea akila, akioga, akiwa na homa, na ndiyo maana tangu mdogo akaitwa Chiriku.

Kitabu cha kwanza, *Binti Yako Anasikia*, kilitoka mwaka 1991, Chiriku akiwa na miaka saba, na karibu kila mfano uliomo ni wake, alivyoficha kiatu kimoja ili asiende shule, alivyomuuliza baba yake kama wanaume nao huchoka, alivyomwandalia mwanasesere wake adhabu na kisha kumsamehe. Mezani alisikiliza kila sura kwa furaha, akagonga mara moja tu, pale palipoandikwa kwamba anaogopa mbwa, akasema haogopi, na sentensi ikakatwa ingawa mbwa wa jirani alikuwa na maoni tofauti. Kitabu kiliuzwa saluni, kliniki za wajawazito, vituo vya mabasi, kikachapwa mara ya pili kabla ya mwaka kuisha, na wanawake wakawa wanamsimamisha Chiriku barabarani wakimuuliza kama ndiye yule wa kiatu, naye akijibu ndiye, kama mtu anayetia sahihi.

Cha pili, *Mwanaume Akinyamaza*, kilitoka mwaka 1995, na hicho kiliwasaidia wanawake wengi na kutuponza wanaume wachache. Kinyozi wake, mlinzi wa shule na wakuu wawili wa shule wamo humo, na yule mwanaume wa sura ya tano, anayepanda meli kila akiulizwa swali lenye jibu refu, ndiye anayewasomea, alirudi kutoka safarini akakuta mabaharia wenzake wanakisoma wakicheka, akacheka nao kwa kurasa tatu ndipo akajitambua. Ila mhusika mkuu alikuwa shemeji. Mezani alisikiliza kitabu kizima bila kugusa kijiko, na marehemu alipomuuliza mwishoni kama hana la kusema, alisema, "Umekosea mahali pamoja tu, Matroni. Mimi sinyamazi kwa hasira. Nanyamaza kwa sababu umeshasema." Marehemu aliiweka hiyo kuwa sentensi ya mwisho ya kitabu, na shemeji hakugonga.

Sasa tunafika kwenye kitabu cha tatu, ambacho ndicho watu wengi wanakitaja kwa upendo, na ambacho katika nyumba hii kilikuwa hakitajwi. Marehemu alikuwa ameanza kwenda uani kila asubuhi na kigoda, kabla bomba halijafunguliwa, akikaa robo saa na nafsi yake bila kuomba chochote, na ingawa wasichana waliochungulia dirishani wanashuhudia kwamba midomo yake haikutulia hata hapo, alikuwa na nia ya kweli, alitaka kuwaeleza akina mama waliochoka kwamba roho ya mtu ni yake, na kwamba mtu anaweza kukaa nayo hata kama hana muda, hana chumba na hana maneno ya dini mdomoni. Aliandika sura tisa. Ya kumi haikuja.

Desemba 1999, wakati wa likizo, Chiriku akiwa na miaka kumi na tano, wakiwa wawili uani wakikunja mashuka, alimwambia mama yake jambo moja kuhusu sala zake. Jambo lenyewe familia hailirudii, waliolisoma wanalijua, na wasiolisoma hawajapungukiwa. Alilisema kama mtoto anavyomwambia mama yake, kwa sauti ya chini, pembe mbili za shuka mkononi, mama akasogea na pembe zake mbili wakakutana katikati, shuka likakunjwa, likizo ikaisha, Chiriku akarudi shuleni kwake, shule nyingine ya bweni mbali na hapa.

Marehemu aliona sura ya kumi imefika. Aliisoma mezani Jumamosi moja ya Februari, na mezani walikuwepo mume wake, mdogo wake aliyekuwa nchi kavu wiki hiyo, na kiti kitupu, hakuna aliyegonga, naye akauchukua ukimya wa meza kuwa ruhusa. Ni kosa ambalo angelifanya yeye peke yake, kwa kuwa ni yeye aliyeitunga kanuni ile, na aliiamini kiasi kwamba hakukumbuka kuwa mtu asiyekuwepo hawezi kugonga. Shemeji alikitazama kile kiti, akaitazama sahani yake.

*Kukaa na Nafsi Yako* kilitoka Mei mwaka 2000, na mwalimu wa malezi wa shule alikosoma Chiriku, kwa nia njema kabisa, akakisoma kwa wasichana wote kwenye ukumbi wa chakula, akianzia sura ya kumi, na alipofika katikati wasichana wakaanza kugeuka mmoja mmoja, kwa sababu maneno "binti yangu" yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo ameshika kikombe. Wenzake wakamwombea kwa sauti wiki nzima, bila yeye kuwaomba. Aliporudi nyumbani likizo ya katikati ya mwaka hakugombana, aliweka begi chini, akaenda kusimama mbele ya mama yake aliyekuwa anapiga pasi, akauliza, "Siku ile ya mashuka, ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unaandika?"

Marehemu, ambaye alikuwa na jibu la kila mzazi aliyefika pale getini, aliacha shati likaungua chini ya pasi.

Kuanzia siku hiyo Chiriku aliongea na mama yake kuhusu hali ya hewa. Hakununa, hakukosa adabu, alipiga simu kila Jumapili, akasema huko kuna jua, akasema huko kumenyesha, akauliza huko je, na marehemu tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani, mwanawe amwambie jambo, hata dogo, jambo lake la moyoni, na hicho hakukipata kwa miaka ishirini na zaidi. Chiriku alisomea udaktari wa meno, akamaliza mwaka 2009 na kupangiwa kazi mji wa mbali, na alipoulizwa na mjomba wake kwa nini meno, alisema ni kazi nzuri, mtu anafungua kinywa na hakuna anayesema kitu. Mwaka huo huo marehemu alisafiri kwenda kumtembelea, akakaa wiki moja, akalishwa vizuri, akalala kitanda kizuri, na aliporudi akamwambia mume wake, "Nimepewa hali ya hewa ya mkoa mzima," akavua viatu akaingia ndani.

Mwaka 2012, kitabu kilipokuwa kinaenda kuchapwa upya, marehemu alikwenda kwa mchapishaji akaagiza sura ya kumi itolewe. Mchapishaji alimsihi, alimweleza kwamba watu wanakinunua kwa ajili ya sura hiyo, akamwambia Matroni unaukata mkono wako mwenyewe, lakini ilitolewa, na kitabu kikatoka chembamba, wasomaji wakakirudisha dukani wakidai kwamba kimenyofolewa kurasa. Marehemu alichukua nakala moja ile nyembamba, akapanda basi akampelekea mwanawe mkononi, na Chiriku aliipokea, akaifungua mwishoni, akaona hakuna, akasema kwa upole, "Walioisoma hawajaisahau, mama." Akamtengea chakula. Kwa maneno hayo marehemu alielewa kwamba kuna vitu visivyorudishwa kwa mchapishaji, na ingawa kila mwaka aliletewa ombi la kitabu kipya, hakuandika tena, watu wakadhani ni uzee.

Tarehe 17 Februari 2021, akiwa jikoni anafikia kikombe cha rafu ya juu, marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, mkono wake wa kuandikia ukalala nao, ulimi ukapona kwa kiasi, akawa anasema taratibu kama mtu anayetafsiri. Alilazwa hospitali ya wilaya kwa wiki nne, kisha akarudishwa nyumbani, na Chiriku akaja na begi moja na tiketi ya kurudi. Ile tiketi haikutumika. Aliomba uhamisho kuja kliniki ya mji huu, akalala chumba cha pili, akajifunza kwa muuguzi jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza bega, akafanya kila kitu kinachofanywa na mtoto mwema, na miezi ile ya mwanzo mle chumbani kulisikika maneno ya kazi tu, inua, geuka, kunywa, na kwamba nje kumetanda mawingu.

Kilichobadilika kilibadilika kwenye meno. Marehemu alikuwa hawezi kusukutua vizuri, na Chiriku hakukubali mtu mwingine yeyote amsafishe kinywa mgonjwa ambaye ni mama yake, hivyo kila asubuhi alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamfunga taulo shingoni, akawasha ile taa ndogo ya kichwani ya kazini, na akafanya kazi yake jino kwa jino bila haraka, kama alivyowafanyia wengine maelfu. Na asubuhi moja, mwaka ule ule wa 2021 ukielekea mwisho, mama amefungua kinywa, brashi imo ndani, hawezi kusema ndiyo wala hapana, wala kushauri, wala kutoa mfano, Chiriku akaanza kuongea.

Familia haijui alianza na nini. Shemeji alikuwa kwenye korido na sinia ya chai, akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mtoto akiwa shule, si maneno, sauti tu, ile ya mtu anayesimulia bila kuchagua, akasimama pale na sinia mpaka chai ikapoa, kisha akarudi jikoni akaiweka motoni upya. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Kusafisha meno kukawa kunachukua saa nzima, na meno yenyewe hayakuwa yamebaki mengi. Mdogo wa marehemu, alipokuja kusalimia, aliuliza kama dada yake anawekewa meno mapya, akaambiwa na shemeji, kwa kidole mdomoni, akae chini anyamaze, na alikaa, jambo ambalo sura ya tano haikulitegemea.

Agosti 2022 mchapishaji alikuja kumwona mgonjwa, akaleta matunda na kinasa sauti. Si mtu mbaya, yupo hapa leo na amefanya mengi kwa ajili ya msiba huu, aliongea mbele yetu sote, kwa heshima, kwamba wasomaji wamesubiri miaka ishirini na miwili, kwamba wamesikia binti amerudi, anamlea mama aliyemlea, na kwamba mkono si kitu, Matroni aseme tu, mashine itapokea, kitabu cha nne kijae yale wanayoongea mama na mwana asubuhi, maana hicho kingekuwa kikubwa kuliko vyote. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Hakuweka ndoo chini, hakuondoka, alimtazama mama yake tu, na kila mtu mle chumbani alijua kinachopimwa.

Marehemu alikitazama kile kinasa sauti muda mrefu, na wanaomjua wanajua kwamba alikitamani, mtu aliyesema maisha yake yote, ameketi na masimulizi mazuri kuliko yote aliyowahi kupewa, na mashine imewashwa. Halafu akasema, neno moja moja, kwa ule ulimi wake mpya wa polepole, "Hayo ni yake. Mimi nimeyasikia tu."

Mchapishaji akazima mashine. Chiriku akapita na ndoo yake kwenda kumwaga maji, akarudi, akamuuliza mama kama afunge dirisha.

Baada ya hapo marehemu aliishi miezi tisa. Tunaambiwa na waliokuwa wakija kumwona kwamba alikuwa amebadilika, haulizi tena maswali kumi kwa mpigo, na mama mmoja aliyekuja kuomba ushauri kuhusu binti yake alikaa naye mchana mzima, akaondoka akisema hakushauriwa hata kidogo na kwamba anajisikia vizuri. Mwezi Aprili mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikajaa maji, akalazwa tena hospitali ya wilaya tarehe 28 Aprili, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Siku ya Jumanne tarehe 9 Mei 2023, asubuhi, Chiriku alimsafisha kinywa kama kawaida, akakaa naye, wakawa na muda wao, pazia limevutwa, na saa nne marehemu akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Daktari aliandika saa. Chiriku alikunja taulo, akasuuza brashi, akaifuta, akairudisha kwenye kikombe chake, akaulizia wapi pa kutia sahihi, na alipofika nyumbani akaanza kupanga viti, hivi mlivyokalia, alivipanga yeye, akavipangua, akavipanga tena. Shemeji aliikagua mizani ya jikoni, haikuwa na kasoro yoyote, akaiweka ilipokuwa. Hivyo ndivyo tulivyo tangu siku ile, na wanaotuuliza tunajisikiaje tunawajibu kwamba bado, itakuja, sasa hivi hapa ndani kumetulia tu kama ukumbi uliokwisha kufagiwa.

Tulipoisoma historia hii mezani, mjomba, huyu anayewasomea, ambaye hajifunzi, aliona pengo kubwa pale kwenye yale maongezi ya asubuhi, akamwomba Chiriku sentensi moja, moja tu, hata iwe ya mzaha, ili watu wajue mama na mwana walipatana kwa lipi. Hakugonga meza. Alimimina chai, akamsogezea, akasema, "Mjomba, yalishafika yalikokuwa yanakwenda." Basi hatukuuliza tena, na ninyi mtakapompa mkono leo, familia inawaomba msiulize.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa muuguzi wa wodi ya wanawake aliyevuta pazia bila kuambiwa na hakulifungua mpaka alipoitwa, tunawashukuru majirani waliotuletea maji, masufuria na watoto wao wa kutumwa, tunaishukuru shule kwa basi na kwa wasichana waliokuja na sare zao, tunawashukuru wafanyakazi wenzake Chiriku waliowahudumia wagonjwa wake kwa miaka miwili asubuhi zote alizochelewa, tunamshukuru mchapishaji kwa turubai na kwa kuelewa, na tunawashukuru wasomaji, ambao wengi wenu tumewaona mmekuja na vitabu mkononi, vinene kwa vyembamba, mkitaka kumwambia Chiriku kwamba mnamfahamu. Mpeni pole tu, inatosha.

Nawe dada yangu, uliyetangaza hata treni zisizokuwepo, uliyewafundisha akina baba kuuliza na akina mama kukaa, uliyetuandika sote na tukakusamehe kwa kuwa uliandika kwa kutupenda, familia imesema yaliyo yako, yasiyo yako umeondoka nayo salama. Pumzika kwa amani.